Mumiani, zimamoto na grupu la WhatsApp

UZI. Siasa zikipamba moto, hapa huulizwa swali lile lile: "Hivi huyu aliyetuma huu uzushi anauamini kweli?" Mimi naona si swali la kuanzia. Twende kwanza kisiwani Mombasa, mwaka 1947.

Juni mwaka huo umati ulikivamia kituo cha zimamoto. Kwa nini? Ilivuma kwamba zimamoto ni mumiani, yaani wanakamata watu na kuwanyonya damu. Zimamoto! Wale wale wa kuitwa paa la makuti likishika moto.

Neno lenyewe ni la zamani. Mumiani ilikuwa dawa nyeusi kama gundi, ikisemwa yatoka Uajemi, ya kutibu mifupa iliyovunjika. Kamusi ya Johnson ya 1939 yaeleza kuwa wengi waliiamini ni damu ya watu iliyogandishwa, na uvumi ukianza mjini, jua likizama watu hawatoki.

Sasa tazama tarehe. Januari 1947 wafanyakazi kama 15,000 wa Mombasa, wa bandari, wa reli, mpaka wapishi wa majumbani, waligoma karibu wiki mbili. Mishahara midogo, bei juu, pa kulala shida. Miezi mitano baadaye ndiyo zimamoto inavamiwa.

Luise White, mwanahistoria aliyetoa kitabu kizima juu ya hadithi hizi mwaka 2000, hakuzichukua kuwa ujinga. Aliziona ni namna watu walivyouzungumzia utawala wa kikoloni. Mimi naongeza: zilikuwa pia njia ya kujuana. Kwamba mshahara ni mdogo, hata DC angeweza kukubali. Lakini ukisema barazani kwamba serikali inanyonya damu, ushajifunga. Kesho huwezi kwenda kunywa chai na hao hao. Ndiyo maana jambo lisiloaminika hufaa zaidi kwa kazi hiyo kuliko la kweli: la kweli hata adui alisema.

Haya, Mei 2020. Tarehe 6, katikati ya Ramadhani, serikali ikafunga Mji wa Kale kwa sababu ya korona. Waliojitokeza kupimwa walikuwa wachache. Simu zikajaa: ati korona ni biashara, namba zinapikwa ili misaada iingie. Kiini cha kweli kilikuwepo, tusidanganyane. Watu walikuwa wamepelekwa karantini kisha wakadaiwa gharama zake.

Lakini ukiuliza "ushahidi uko wapi?" hukujibiwa kuhusu ushahidi. Unajibiwa, "Kwani wewe walipwa na nani?" Hapo ujue mada si ugonjwa tena. Na kwenye vile vyumba vya Mji wa Kale, babu na wajukuu chini ya paa moja, mwenye kikohozi kwenda kupimwa kukawa ni kama kuhamia upande wa pili.