Valvu Inayogonga katika Pikipiki za Zamani

Wasomaji wetu wengi wameisikia sauti hii. Pikipiki ya zamani inapita barabarani, na juu ya mngurumo wake kunasikika tiki-tiki-tiki, kama cherehani iliyolegea. Watu husema, «Injini hiyo imechoka.» Mwenye pikipiki huenda kwa fundi kumwomba neno moja tu: aiondoe kelele. Fundi asiye na subira huchukua spana, hukaza skrubu mpaka kelele iishe, na mwenyewe hurudi nyumbani akifurahi. Baada ya majuma machache valvu imeungua, na pikipiki haiwezi kupanda hata kilima kidogo.

Imekuwaje dawa ikageuka ugonjwa? Ili tulielewe vema jambo hili, tuanze mwanzo, tuone jinsi watu walivyoshindana na kelele ya valvu tangu zamani.

Milango miwili

Katika kila silinda, petroli iliyochanganyika na hewa huingia kwa mlango mmoja, na moshi hutoka kwa mlango mwingine. Milango hiyo ndiyo valvu. Waliojifunza ufundi kwa Kifaransa husema supapu. Umbo lake ni kama uyoga: kichwa bapa na shina refu. Springi huivuta ifungwe. Na kamu, yaani kipande cha chuma chenye nundu kinachozunguka, huisukuma ifunguke.

Mwaka 1876 Mjerumani Nikolaus Otto alitengeneza injini ya mapigo manne. Katika pikipiki ya namna hiyo kila valvu hufunguka mara moja injini ikizunguka mara mbili. Hebu tupige hesabu: injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kila valvu hufunguka mara 1,500, yaani mara 25 kwa sekunde moja. Chuma kinapiga chuma mara 25 kwa sekunde, tena karibu na moto. Je, ni ajabu kikisikika?

Mwanzo ulikuwa rahisi

Mwaka 1885, huko Ujerumani, Gottlieb Daimler na Wilhelm Maybach walitia injini ndogo katika chombo cha mbao kilichofanana na baiskeli. Valvu ya kutolea moshi ilisukumwa na chuma, lakini ile ya kuingizia haikuwa na kamu. Pistoni iliposhuka ilivuta hewa, na valvu ikafunguka yenyewe kwa mvuto huo. Vyuma vilikuwa vichache, basi na vya kulika vilikuwa vichache. Lakini injini ilipotakiwa kwenda mbio, valvu ya namna hiyo ilichelewa.

Pikipiki za Ubelgiji zilipita njia hiyo pia. Kiwanda cha FN kilianzishwa mwaka 1889 huko Herstal, karibu na mji wa Liège, kwa kazi ya kutengeneza bunduki. Mwaka 1901 kikatoa pikipiki yake ya kwanza, yenye injini ya sentimita za ujazo 133. Mwaka 1905 ikafuata pikipiki ya silinda nne, iliyobuniwa na Paul Kelecom. Nayo bado ilifungua valvu za kuingizia kwa mvuto wa hewa.

Baadaye viwanda vyote vikaona ya kuwa lazima kila valvu isukumwe kwa kamu. Wengine waliziweka valvu kando ya silinda, shina likielekea chini, karibu kabisa na kamu. Vyuma vya kati ni vichache, na kelele si nyingi. Ndivyo ilivyokuwa BSA M20 ya Uingereza, ambayo zaidi ya 126,000 zilitengenezwa kwa ajili ya majeshi wakati wa vita vya 1939–1945. Haikuwa na mbio, lakini ilivumilia taabu.

Wengine walitaka nguvu zaidi, wakaziweka valvu juu ya silinda. Hapo safari ikawa ndefu: kamu inasukuma tapeti, tapeti inasukuma fimbo ndefu, fimbo inainua roka upande mmoja, na roka inabonyeza valvu kwa upande wa pili. Kila vyuma viwili vinapokutana, huweza kulika. Tena katika miaka ya 1920 pikipiki nyingi za namna hii zilikuwa na roka na springi wazi kabisa, bila kifuniko. Mwenyewe alizipaka grisi kwa mkono. Vumbi la barabara likanasa katika grisi, na mchanganyiko huo ukasaga chuma kama msasa.

Basi wakaanza kuzifunika na kuzipelekea mafuta kwa pampu. Mwaka 1948 Harley-Davidson wa Marekani wakaendelea mbele zaidi: waliweka tapeti zinazojazwa mafuta, ambazo huziba zenyewe nafasi iliyo kati ya vyuma, ili valvu zisigonge. Kwanza ziliwekwa juu, kwenye ncha za fimbo. Mwaka 1953 zikahamishwa chini, karibu na kamu. Huko Italia, Fabio Taglioni wa kiwanda cha Ducati alitengeneza mwaka 1956 injini ya mashindano ambayo valvu zake hazikufungwa kwa springi, bali kwa kamu na roka nyingine. Hata huko fundi hakuponyoka: nafasi ya kupima ilibaki palepale.

Kwa nini lazima nafasi iwepo?

Chuma kikipata moto hurefuka. Valvu ya kutolea moshi hupata moto kuliko nyingine, na shina lake huongezeka urefu. Kama fundi hakuacha nafasi wakati injini ikiwa baridi, shina likirefuka hukutana na roka, na valvu haiwezi tena kukaa barabara katika kiti chake. Nayo hujipoza hasa kwa kukaa katika kiti hicho. Isipokaa, moto hupenya ukingoni na kuila. Haya yote hutendeka kimya. Ndiyo sababu mafundi wazee husema ni afadhali valvu inayosikika kidogo kuliko ile isiyosikika kabisa.

Lakini tusidhani ya kwamba kelele kubwa ni njema. Nafasi ikizidi, kamu haimwinui mwenzake polepole, bali humpiga kama nyundo, na ulikaji huongezeka siku kwa siku.

Jinsi ya kutengeneza

Fundi mwema hutazama mafuta kwanza. Mara nyingi kijitundu cha mafuta kimeziba, na roka inakauka. Kuweka bushi mpya pasipo kuzibua kijitundu hicho ni kupoteza fedha.

Kisha aitikise roka kwa mkono. Ikicheza juu chini katika ekseli yake, bushi imekwisha, nayo skrubu haiwezi kuiponya. Aitazame pia ncha ya roka inayobonyeza valvu. Hapa ndipo wengi hudanganyika. Ncha ikiliwa hufanya kishimo kidogo. Kijibamba cha kupimia hupita juu ya kishimo kama daraja, kikagusa kingo tu. Kipimo kinasema «sawa», kumbe nafasi ya kweli ni kubwa zaidi, na kelele inaendelea. Ncha hiyo lazima isawazishwe kwa jiwe. Lakini ajihadhari: mara nyingi ugumu wa chuma ni ngozi nyembamba tu. Akiisaga mpaka ikaisha, chuma laini cha ndani kitaliwa upesi. Hapo yafaa kuongeza chuma kigumu, au kutafuta roka nyingine.

Vilevile aangalie bomba linaloongoza shina la valvu, uso wa tapeti, na nundu ya kamu. Hayo yote yakiwa mazima, ndipo apime nafasi, injini ikiwa baridi, valvu zote mbili zikiwa zimefungwa na pistoni ikiwa juu. Afuate kipimo cha kitabu cha pikipiki ileile, wala asiazime cha pikipiki ya jirani. Injini nyingine hutaka nafasi kubwa kwa moshi na ndogo kwa hewa. Chache hupimwa bila nafasi zikiwa baridi, kwa sababu silinda yake ya alumini hurefuka kuliko fimbo.

Kazi hii yataka siku, si saa. Na ikiisha, pikipiki ya zamani haitanyamaza kama mpya. Basi tukiisikia inapita, ikigonga kidogo na kwa mpango, tusimcheke mwenyewe. Labda anajua analolifanya.