Nani Astahiliye Kushika Silaha?

Huko Bweranyange, makao makuu ya kale ya ufalme wa Karagwe, Omukama Rumanyika alikuwa na nyumba ya hazina. Msafiri Stanley, aliyefika mwaka 1876, aliona humo mikuki iliyofuliwa kwa ustadi mkubwa, na sanamu za ng'ombe na ndege. Pamoja na vitu hivyo ilitunzwa bunduki, zawadi ya Speke aliyezuru Karagwe mwaka 1861.

Rumanyika aliijua vyema nguvu ya silaha, maana kiti chake alikipata kwa kupigana na ndugu yake Rogero. Hata hivyo, bunduki ile iliwekwa kwa heshima pamoja na alama za ufalme. Ilikuwa amana, si kitu cha kuchezewa.

Mnamo tarehe 2 Julai 1890, mataifa yalitia saini Mkataba wa Brussels. Karagwe haikuulizwa. Kwa lengo la kukomesha biashara ya watumwa, bunduki za kisasa zilizuiwa katika sehemu kubwa ya Afrika, ila kwa mtu aliyetoa dhamana ya kutosha kwamba hatampa mwingine. Aliyeipima dhamana hiyo alikuwa mtawala wa kigeni. Hivyo hata mzee mwenye mvi alifanywa mtoto mbele ya sheria, na hapakuwa na umri ambao angeufikia akahesabiwa mtu mzima.

Sheria ya umri ni jambo jingine kabisa. Uingereza, mwaka 1903, ilikataza kuwauzia bastola walio chini ya miaka 18. Marekani, mwaka 1968, iliwataka wauzaji wenye leseni wasimuuzie bastola aliye chini ya miaka 21, wala bunduki ndefu aliye chini ya miaka 18. Kizuizi cha namna hii humpata kila kijana, naye hukivuka kwa kukua.

Wahenga walisema, mtoto akililia wembe mpe. Wembe humkata kidole, naye huelimika. Lakini bunduki haitoi somo la pili, na anayeumia mara nyingi ni mwingine.

Leo Tanzania hujitungia yenyewe sheria za silaha: ile ya mwaka 1991, kisha ya mwaka 2015 iliyochukua nafasi yake. Basi kijana anayeambiwa asubiri asidhani kwamba amedharauliwa. Babu zake walinyimwa hata haki ya kusubiri.