UZI: Vitabu vya shule vinachanika. Ni nani aliruhusu karatasi nyembamba?

1/ Wadau, kila shule zikifunguliwa mjadala ni ule ule: vitabu vya serikali vinachanika. Huyu anasema ni ufisadi, yule anasema watoto wa siku hizi hawatunzi vitu. Huku kwetu Ruiru nausikia hadi kwenye matatu. Leo hatutaji mwanasiasa wala chama. Tuangalie masharti ya kutengeneza kitabu, na nani huruhusiwa kuyaruka.

2/ Karatasi hupimwa kwa gramu kwa kila mita ya mraba. Ile ya fotokopi huwa gramu 80, ya gazeti huwa chini ya 50. Halafu kuna ugumu wa jalada, na kurasa zimeshikwa na nini: gundi, pini ama uzi. Gundi ikiwa hafifu, kitabu kikifunguliwa kila siku kurasa huanza kutoka moja moja.

3/ Hesabu ya mfano tu. Kitabu cha Sh200 kikiisha kwa mwaka mmoja, umelipa Sh200 kwa mwaka. Cha Sh270 kikidumu miaka mitatu, ni Sh90 kwa mwaka. Kwa hivyo anayejigamba "tumeshusha bei" hajatujibu mpaka aseme kitabu kitadumu muda gani.

4/ Turudi nyuma kidogo. Kwa miaka mingi vitabu vya shule vilitawaliwa na mashirika ya serikali kama Jomo Kenyatta Foundation (1966) na KLB (1980). Sera ya 1998 ikafungulia soko wachapishaji wengine. Elimu ya msingi bila malipo ilipoanza 2003, pesa za vitabu zikaenda shuleni, na walimu wakachagua kutoka orodha iliyoidhinishwa, ile Orange Book.

5/ Mfumo huo ulikuwa na mashimo. Kuna pesa zilizoliwa, na kuna watoto waliendelea kugawana kitabu kimoja. Lakini mwalimu aliweza kukishika kitabu, akivute jalada, akilinganishe na kingine. Kikiwa dhaifu alikiacha dukani.

6/ Januari 2018 serikali ikaanza kununua yenyewe na kupeleka vitabu moja kwa moja shuleni, lengo likiwa kila mwanafunzi awe na chake kwa kila somo. Bei ilishuka na vitabu vikafika kwa wingi, tuseme ukweli. Ila mwalimu sasa hupokea tu. Ubora wa karatasi ukabaki kwenye stakabadhi za zabuni, ambazo mzazi wa Ruiru hazioni. Sharti likilegezwa huko, yeye atajua kurasa zikianza kutoka.

7/ Je, basi kusiwe na ruhusa maalum kabisa? Hapana. Panda gari hadi Thika, kwenye shule ya wasioona iliyoanzishwa na Jeshi la Wokovu mwaka 1946. Kitabu cha Breli hakiwezi kufuata masharti ya kawaida. Karatasi lazima iwe nene zaidi ili nukta zisibonyee. Ukurasa ni mkubwa. Kitabu kimoja cha kawaida hugeuka majuzuu kadhaa. Nakala ni chache, kwa hivyo kila moja ni ghali. Ukilazimisha bei na vipimo vya wote, mtoto wa Thika hapati kitabu.

8/ Hiyo si hisani. Kifungu cha 54 cha Katiba kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutumia Breli. Mwaka 2017 Kenya ilijiunga na Mkataba wa Marrakesh, unaoruhusu vitabu kugeuzwa Breli bila kuzuiwa na hakimiliki. Nayo ni ruhusa maalum, iliyoandikwa, na kila mtu anaweza kuisoma.

9/ Sasa linganisha na mchapishaji anayeomba gramu zipunguzwe kwa sababu karatasi imepanda. Sababu inaweza kuwa ya kweli. Kiwanda cha Webuye kilifungwa 2009, tukazidi kutegemea karatasi ya nje, na baada ya Covid bei ilipanda dunia nzima. Lakini hapa nafuu inaenda kwa mchapishaji, na gharama inahamia kwa mwalimu anayebandika selotepu.

10/ Kwa hivyo mtu akija kwenye mkutano kupiga kelele kuhusu vitabu, awe wa upande wowote, muulize haya:
- Ni sharti gani lililegezwa, na nani alitia sahihi?
- Ruhusa inaisha lini?
- Karatasi ilipopunguzwa, bei ilipunguzwa pia?
- Nakala za Breli zilifika Thika wiki moja na zile za Ruiru?

Hilo la mwisho huwa halina makofi. Muulize tu.