Hongo Haikuwa Rushwa

Mwanafunzi anayesoma habari za misafara ya karne ya 19 akikutana na neno hongo hufikiri rushwa, kwa kuwa leo halina maana nyingine. Hapo watemi wa Ugogo wanageuka mafisadi, na msafiri Mwingereza Richard Burton, aliyelalamika sana kwa kutozwa, anaonekana mtu aliyedhulumiwa. Sivyo. Hongo ilikuwa ushuru wa njia. Ugogo ni nchi kame. Msafara wa mamia ya watu ukipiga kambi, unakunywa maji ya visima vya wenyeji na kula nafaka yao. Kwa hayo mtemi alitaka doti za vitambaa vya merikani na kaniki, shanga na nyaya za shaba, na mapatano yaliweza kuchukua siku kadhaa. Waarabu na Wanyamwezi walilipa pia. Kuliita jambo hilo rushwa ni kumvua mtemi mamlaka yake kwa kosa la kamusi.

Neno posho nalo limehama maana, ila halijaumiza mtu: zamani posho ilikuwa kibaba cha nafaka cha mpagazi kwa siku, leo ni bahasha ya kikao. Kirangozi, aliyetangulia mbele ya msafara na bendera nyekundu ya Sultani wa Zanzibar, amemezwa na kiongozi, neno pana lisiloonyesha kazi yake.

Linalonikera zaidi ni neno mvumbuzi kwa msafiri Mzungu wa wakati huo. John Speke, mwenzake Burton, alifika Mwanza tarehe 3 Agosti 1858 akijua anachokifuata, maana wafanyabiashara Waarabu wa Kazeh, karibu na Tabora ya leo, walikwisha kumsimulia habari za bahari ya Ukerewe, yaani Ziwa Victoria. Maneno ya watu wa njiani yalimfikia kupitia Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyewahi kuuzwa utumwani hadi India. Wawili hao walizungumza Kihindustani. Alichokifanya Speke mwenyewe ni kuchemsha maji na kusoma kipimajoto. Maji huchemka kwa joto pungufu kadiri unavyopanda. Ziwani pale, yapata mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Kwa hesabu hiyo alipata kimo kilichokaribia sana ukweli, na hiyo ni sayansi ya kuheshimiwa. Lakini ni upimaji. Ziwa lilikuwa na majina, mitumbwi na wavuvi wake.

Vitabu vyetu vya historia vilivyochagua neno wapelelezi badala ya wavumbuzi vilichagua vema. Mpelelezi hutumwa, hutafuta habari, kisha huzipeleka kwa aliyemtuma. Burton na Speke walitumwa na Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London, serikali ya Uingereza ikichangia fedha, na ripoti zao zilirudi huko.

Waandishi na walimu, andikeni mpelelezi. Na kila mnapoandika hongo ya msafara, ongezeni maneno matatu tu: ushuru wa njia.