Dakika za ziada za The Lord of the Rings

Novemba 2002, mwezi mmoja kabla ya The Two Towers, filamu ya pili ya The Lord of the Rings, kufika kwenye majumba ya sinema, kampuni ya New Line ilitoa ile ya kwanza, The Fellowship of the Ring, katika toleo jipya la DVD, refu kwa dakika 30 kuliko lile la sinema la mwaka uliotangulia. Desturi ya kurudisha filamu ikiwa imehaririwa upya ilikuwapo tayari. Blade Runner ilirudi hivyo mwaka 1992, na mara nyingi nyuma ya urejeo kama huo palikuwa na mwongozaji anayedai kazi aliyopokonywa na studio. Peter Jackson, mwongozaji wa The Lord of the Rings, hakupokonywa kitu, na mwenyewe husema matoleo ya sinema ndiyo aliyoyakusudia. Haya marefu aliyatengenezea watazamaji wa nyumbani, wanaoweza kusimamisha filamu wakala, wakaswali, kisha wakaendelea. Howard Shore aliyatungia muziki wa ziada. Kwa hiyo nayahesabu kuwa kazi kamili, tena ndiyo yanayomfaa zaidi anayeirudia hadithi hii.

Ushahidi mzito umo katika The Two Towers, iliyoongezewa dakika zaidi ya 40. Humo tunarudishwa katika mji wa Osgiliath baada ya ushindi: Denethor, mtawala wa Gondor, anammwagia sifa mwanawe Boromir, na mwanawe mwingine, Faramir, anaambulia dharau ya baba yake. Katika toleo la sinema, Faramir anapomkamata Frodo, mbebaji wa Pete, huonekana mtu aliyeingiwa na tamaa ya Pete tu. Hapa tunamwona mwana anayetafuta neno moja jema kutoka kwa baba, na filamu ya tatu, Denethor anapomtuma vitani akijua hatarudi, inauma maradufu. Anayetazama mara ya kwanza hutaka kujua nini kitatokea. Anayerudia anajua mwisho, naye huja kutafuta sababu.

Wapo wanaosema nyongeza hizi zinavunja mwendo, na mahali pengine wana haki. Katika The Return of the King ndefu, Aragorn anaonekana mapema akizikabili merikebu za maharamia, hivyo kufika kwake vitani hakushtui tena. Kasoro hiyo naikubali, ila inamgusa zaidi mgeni wa hadithi, na mgeni ana toleo la sinema. Wengine wanaona biashara tupu: studio iliuza kitu kilekile mara mbili, tena ikaitangaza filamu inayofuata. Faida ilitafutwa, bila shaka. Lakini toleo refu la tatu lilitoka Desemba 2004, wakati hapakuwa na filamu nyingine ya kutangaza, nalo ndilo lililoongezewa dakika nyingi kuliko yote, 50 hivi. Ndani yake kimo kifo cha mchawi Saruman, kilichokatwa kwenye toleo la sinema na kumuudhi waziwazi Christopher Lee aliyemwigiza. Bila sehemu hiyo, adui aliyetawala filamu mbili anatoweka bila hata kuonekana tena, na kesi yake haiamuliwi.