Sumu ya Mshale, Dawa ya Moyo
Wawindaji wa Kiogiek katika msitu wa Mau, si mbali na Nakuru, walichemsha vipande vya mti ambao Wamaasai huuita olmorijoi hadi vikatoa sumu nyeusi, nzito kama lami, ya kupaka mshaleni. Mnyama akichomwa, moyo unasimama. Nyama waliila, maana sumu hiyo tumboni haina nguvu kama kwenye damu.

Mwaka 1888 Mfaransa Arnaud aliitenga kutoka mti wa jamii hiyo hiyo. Jina lake, uabaini, limetoka kwa Wasomali: waabaayo. Baadaye madaktari wa Ulaya waliidunga mshipani, kidogo sana, moyo dhaifu upige kwa nguvu. Ikizidi tu, inaua, kwa hivyo usijaribu.

Arnaud yumo vitabuni. Mwindaji je? Sheria za mkoloni zilimwita jangili.