Chakula cha ndege uani chavuta wageni wasioalikwa Diani

MKAZI wa Pwani ya Kusini anayetundika sahani ya mtama au vipande vya papai mtini ili kuvutia ndege, hana budi kufahamu kwamba hatapokea ndege peke yao. Kuanzia Diani hadi Msambweni, nyumba nyingi zimejengwa ndani au kando ya masalio ya msitu wa pwani. Ua tunaouita wetu ni njia ya wanyama tangu jadi.

Mgeni wa kwanza aghalabu huwa kunguru mwenye shingo ya kijivu. Asili yake ni Bara Hindi; aliletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 na baadaye akaenea pwani ya Kenya. Kunguru huyu hula mayai na makinda ya ndege wa kienyeji. Hivyo basi, chakula kilichokusudiwa shore na mnana huishia kumnenepesha adui yao.

Wa pili ni kima, ambaye ana vifuko mashavuni: huvijaza upesi, kisha hukimbilia mtini kula kwa utulivu. Tumbili na nyani nao hufuata. Usiku ukiingia hufika komba, mwenye macho makubwa na mlio unaofanana na wa mtoto mchanga, akitafuta ndizi mbivu. Nafaka zinazomwagika chini nazo huita panya, na panya huita nyoka.

Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Katika jambo hili, mgeni mwenyewe ndiye huponzwa. Kima aliyezoea kulishwa hupoteza hofu, huingia jikoni, hupora, na akizuiwa huuma. Hapo mtu yule yule aliyefurahia kumpiga picha hutaka auawe. Isitoshe, mnyama anayefuata chakula cha nyumba kwa nyumba huvuka barabara na kupita juu ya nyaya za umeme mara kwa mara, na wengi hufia hapo.

Anayestahili tahadhari zaidi ni mbega, mwenye manyoya meusi na mabega meupe, ambaye mtoto wake huzaliwa mweupe kabisa. Nchini Kenya, aina hii hupatikana hasa katika Kaunti ya Kwale. Mbega hula zaidi majani. Tumbo lake lina vyumba kadhaa ambamo bakteria huchachusha majani hayo polepole. Mkate au matunda matamu yanaweza kuvuruga uchachushaji huo, tumbo likajaa gesi, na mnyama akafa.

Shirika la Colobus Conservation, lililoanzishwa Diani mwaka 1997 na ambalo awali lilijulikana kama Colobus Trust, limetundika madaraja ya kamba juu ya barabara ili wanyama wavuke salama. Hupogoa pia matawi yaliyo karibu na nyaya za umeme. Hata hivyo, juhudi hizo hudhoofishwa iwapo wenye nyumba wanaendelea kuwaita wanyama kwa chakula.

Je, anayependa ndege afanye nini? Kwanza, aweke beseni la maji badala ya chakula, na alisafishe kila siku. Pili, apande miti ya kiasili kama vile mkuyu, ambao matunda yake hulisha ndege na kima bila kuwafunza kumtegemea binadamu. Msitu wa Kaya Kinondo, ulioorodheshwa na UNESCO mwaka 2008 pamoja na kaya nyingine za Wamijikenda, ni ushahidi kwamba miti ikiachwa, wanyama hujilisha wenyewe. Tatu, mapipa ya taka yawe na vifuniko imara.

Anayemkuta mnyama aliyejeruhiwa asimshike, bali aarifu shirika hilo au maafisa wa KWS. Aliyeumwa aoshe jeraha mara moja kwa maji mengi na sabuni, kisha aende hospitalini bila kuchelewa.